Ampu ya kwanza ya gitaa: kuchagua ya mazoezi kwa bajeti ndogo

Gitaa la umeme lisilochomekwa popote humfikia mpigaji mwenyewe na labda mtu aliyekaa kitanda kimoja naye. Wiki ya kwanza, wakati vidole vinajifunza kubana nyuzi, hilo linatosha. Taabu huja baadaye. Mkono unazoea kucharaza kwa nguvu ili sikio lipate chochote, na makosa madogo madogo, kama uzi wa pili unaoendelea kulia au kidole kisichobana vizuri karibu na freti (vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa), yanapita bila kusikika. Siku mpigaji huyo anapochomeka kwenye vyombo vya kanisani, yote yanamwagika hadharani. Ampu ndogo ya nyumbani, yaani kifaa cha kukuza sauti ya gitaa, huyafichua mapema, kwa hiyo iingie kwenye hesabu tangu siku unayopanga kununua gitaa. Katika pesa yote uliyonayo, tenga karibu theluthi moja kwa ajili ya ampu, waya na hedifoni.

Wati zisikupumbaze

Swali la kwanza linaloulizwa dukani ni "hii ina wati ngapi?" Kwa mazoezi ya nyumbani swali hilo lingeweza kuwa la mwisho. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo utaitambua ukisikiliza kwa makini. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, wati zinatakiwa ziongezeke karibu mara kumi. Ndiyo maana ampu ya wati 10 na ya wati 20, zikiwa na spika ya aina moja, zinakaribiana sana, na zote mbili zinaweza kumfanya jirani wa chumba cha pili agonge ukuta.

Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi kinatosheka na wati 3 hadi 10. Sebule, au mazoezi ya watu wawili watatu wasio na dramu, wati 15 hadi 25 zinakidhi. Dramu zikiingia, anza kufikiria wati 50 na spika ya inchi 12, lakini hapo umeshatoka kwenye ampu ya mazoezi.

Angalia pia wati hizo zimepimwaje. Vifaa vingi vya bei ya chini vimeandikwa "PMPO" na namba ya kutisha, mia tano au elfu moja. Namba hiyo ni ya kuuzia, haikusaidii kitu. Namba ya kuaminika huandikwa RMS. Isipoonekana, geuza ampu usome kibandiko cha nyuma panapoandikwa umeme inaokula. Ampu haiwezi kutoa kwenye spika wati nyingi kuliko inazovuta ukutani, hivyo kifaa kinachokula wati 30 na kujitangaza kuwa cha wati 500 kimeshajieleza.

Ukubwa wa spika una uzito zaidi ya wati. Spika za inchi 3 na 4 hubebeka kwenye begi, ila uzi mnene wa chini, wenye nota ya mi ya hezi 82, husikika mwembamba na kama unatoka mbali. Inchi 6 au 6.5 ni kiwango cha chini cha kuridhisha. Inchi 8 ndipo gitaa linapoanza kuwa na kifua. Kama ampu mbili zina bei moja, moja ina efekti (madoido ya sauti) nyingi na nyingine ina spika kubwa zaidi, chukua yenye spika.

Umeme wa nyumbani kwako

Hapa ndipo ampu nyingi za mtumba hufia, mara nyingi ndani ya sekunde ya kwanza. Umeme wa Afrika Mashariki na Kongo ni volti 220 hadi 240, hezi 50. Ampu iliyotoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, ukiwa na bahati itaungua fyuzi peke yake. Usipokuwa nayo, transfoma ya ndani itatoa moshi na huenda ikaondoka na chipu ya sauti.

Kabla ya kujadili bei, soma kibandiko. Ikiandikwa 220V, 230V, 240V au 220–240V, ni sawa. Ikiandikwa 100–240V, inakubali umeme wa popote duniani, na ampu nyingi zinazotumia adapta ziko hivi. Ikiandikwa 100V au 120V peke yake, inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei ya transfoma hiyo iingie kwenye hesabu. Chukua yenye uwezo walau mara mbili ya kiasi ampu inachokula: ampu inayokula wati 30 ipewe transfoma ya VA 60 au zaidi. Transfoma ya Marekani na ya Japani hazibadilishani, kwa kuwa moja hutoa volti 110 hadi 120 na nyingine 100. Ampu za Marekani zilizotengenezwa kwa hezi 60 tu huweza kupata joto kuliko kawaida kwenye hezi 50. Zipe nafasi ya hewa na usiziache zikiwaka usiku kucha.

Suala la pili ni ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Plagi ya pini tatu za bapa inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda ina pini ndefu ya ethi. Ampu kutoka Ulaya huja na plagi ya mviringo, na wengi wetu tunaijua ile mbinu ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili pini mbili ziingie. Ampu itawaka, lakini ethi haijaungwa. Matokeo yake ni mvumo usioisha, na pale mpigaji anayeimba anapogusa maikrofoni kwa mdomo huku ameshika nyuzi, anaweza kupigwa shoti. Kata plagi hiyo, fundi akufungie ya pini tatu yenye fyuzi ndogo ya ampea 3, waya wa kijani na njano ukienda kwenye ethi. Kama ampu ina waya wa nyaya mbili tu na alama ya mraba ndani ya mraba, imetengenezwa bila ethi na haina shida.

Palipo na mgao wa umeme, ampu ya betri si anasa. Nyingi hutumia betri 6 za AA, yaani volti 9. Nunua alkali, zile za bei rahisi kabisa zinaishiwa nguvu katikati ya wimbo, na dalili yake ni sauti safi kuanza kuchanika ingawa volumu iko chini. Zitoe usipoitumia kwa wiki kadhaa, maana zikivuja hula vyuma vya ndani. Adapta ya volti 9 nayo ina mtego wake: ampu nyingi ndogo na karibu pedali zote (vile vifaa vya kukanyaga vinavyobadili sauti) hutaka hasi katikati ya kichwa cha adapta, wakati adapta nyingi za redio na ruta zina chanya katikati. Mchoro mdogo wenye duara, alama ya kujumlisha na ya kutoa, uko kwenye ampu na kwenye adapta. Iwe inafanana.

Umeme ukikatika, zima ampu na uichomoe. Umeme unaporudi huja na mruko, na ampu iliyoachwa imewashwa hupokea mruko huo wote. Kile kifaa cha ukutani cha kulinda friji kinafaa hapa pia. Wanaotumia inveta za sola wajue kwamba zile za bei nafuu, zisizotoa wimbi laini, huleta mlio mkali kwenye ampu za transfoma. Kwa nyumba ya namna hiyo ampu ya betri inaleta utulivu zaidi.

Aina tatu utakazokutana nazo

Ampu za transista ndizo rahisi kuliko zote: nobu tano au sita, spika moja, tundu la hedifoni, basi. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba zinatengenezeka. Nyingi hutumia chipu za kawaida kama TDA2030 au TDA2050, ambazo fundi redio yeyote anazifahamu na anaweza kuzibadilisha mchana mmoja.

Ampu za dijitali huiga sauti za ampu nyingi maarufu na kubeba efekti ndani: reverb (sauti kama ya ukumbini), mwangwi, kora (gitaa moja kusikika kama mengi), disto (sauti iliyochanwa makusudi) za kila namna. Kwa pesa ileile unapata mengi, na kwa anayependa kujaribu mitindo tofauti ni ununuzi wa akili. Kasoro ziko mbili. Bodi yake ikifa, fundi wa mtaani hana cha kufanya isipokuwa kutafuta bodi nyingine. Kasoro ya pili ni ya tabia: mwanafunzi anapitisha saa nzima akizungusha sauti, na mazoezi ya vidole yanabaki dakika kumi. Kuna pia ampu ambazo mipangilio yake mingi iko kwenye programu ya simu. Kama simu yako ni ya zamani au haina nafasi, hakikisha kwanza kwamba ampu hiyo inafanya kazi vizuri kwa nobu zake peke yake.

Ampu za valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, ziache kwa sasa. Ni nzito, valvu huchakaa na kupatikana kwa shida, na utamu wake hutoka pale sauti inapopandishwa kiasi ambacho chumba cha kupanga hakikivumilii. Ndani yake kuna umeme wa volti mia tatu na zaidi, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Asiyezijua asizifungue.

Sauti safi ndiyo mtihani

Wauzaji hupenda kuonyesha ampu kwa disto, kwa sababu disto huficha udhaifu. Wewe sikiliza sauti safi. Anayejifunza rumba, sebene, benga au gitaa la kwaya ataishi kwenye sauti safi karibu muda wote. Solo ya sebene hupigwa juu kwenye shingo ya gitaa, nota zikifuatana haraka, na kila moja inatakiwa isimame peke yake. Ampu inayoanza kuchanika mapema huzivuruga nota hizo zote.

Kwa hiyo tafuta ampu ambayo sauti safi inabaki safi hadi volumu ifike nusu au zaidi, yenye besi, mid na trebo zinazojitegemea. Nobu moja tu ya "tone" ni kidogo mno. Ikiwa na reverb, vizuri. Ikiwa na mwangwi mfupi au kora, vizuri zaidi kwa muziki wetu. Roland JC-120, ampu ya transista iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na kora ndani yake, ndiyo imekuwa kipimo cha sauti safi kwa wapigaji wengi duniani. Ni kubwa na ghali, ila ampu ndogo nyingi za dijitali zina mpangilio unaoiiga, na huo ndio wa kuujaribu kwanza.

Kwa bluzi na roki, hitaji la pili ni chaneli ya disto yenye nobu yake ya GAIN, yaani ya kiwango cha disto. Sikiliza kama disto hiyo inaacha nota zitambulike unapopiga kodi nzima. Nyingi za bei ya chini hazifanyi hivyo, na dawa yake huwa kupunguza GAIN hadi theluthi.

Tundu la hedifoni usilisamehe. Ndilo litakalokuwezesha kufanya mazoezi saa nne usiku. Kwenye ampu nzuri, ukichomeka hedifoni spika inanyamaza yenyewe, na sauti inapitishwa kwenye kichujio kinachoiga spika. Bila kichujio hicho disto kwenye hedifoni huwa kali ya kuumiza. Hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti kwa kiasi cha kutosha kumpotezea mpigaji mdundo. Bluetooth au tundu la AUX kwenye ampu vina kazi nyingine: kuingiza wimbo wa kwenye simu ili uufuatishe.

Je, sabufa ya nyumbani haitoshi?

Swali hili linastahili jibu la haki, kwa sababu wengi wameanza hivyo. Pikapu ya gitaa la kawaida, ile sumaku yenye koili inayonasa mtetemo wa nyuzi, inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja, na tundu la gitaa kwenye ampu limetengenezwa hivyo. Tundu la AUX la sabufa lina makumi machache ya maelfu ya omu. Ukichomeka humo, sauti inashuka na trebo inapotea. Gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Ukiweka pedali ya disto katikati, kinyume kinatokea, kwa sababu spika ya gitaa hukata sauti za juu ya takriban hezi 5,000 huku twita za sabufa zikipitisha zote, pamoja na makwaruzo ambayo hayakukusudiwa kusikika.

Spika za kuburuta zenye magurudumu, zile za karaoke, mara nyingi zina tundu lililoandikwa GUITAR. Kwa sauti safi zinafaa kwa kiasi, hasa kwa sauti kubwa uwanjani. Kwa mazoezi ya utulivu ni butu na zinakwaruza.

Ipo njia ya kati ambayo kwa anayepiga kanisani pengine ndiyo bora kuliko ampu yoyote ndogo: multi-efekti yenye uigaji wa ampu ndani. Zoom G1 FOUR, kwa mfano, hutumia betri 4 za AA au adapta, ina tundu la hedifoni, na hubebeka mkononi. Nyumbani unatumia hedifoni. Kanisani unaichomeka kwenye mikisa na sauti yako inakuwa ileile uliyoizoea. Usiyoyapata ni kusikia gitaa likitetemesha hewa chumbani, na mwalimu akija mtagawana hedifoni.

Dogo kabisa katika ukoo huu ni Vox amPlug, kinachochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa na kutumia betri 2 za AAA. Kinafaa kwa bweni la shule. Kama kifaa pekee kwa mwaka mzima kinachosha.

Majina ya kuanzia

Bei hubadilika kwa mji na kwa msimu, kwa hiyo linganisha vitu. Fender Frontman 10G ni ya chini kabisa inayofaa: wati 10, spika ya inchi 6, sauti safi nzuri, disto ya kawaida, besi na trebo bila mid, tundu la hedifoni na la AUX, haina reverb. Orange Crush 12 ina wati 12, spika ya inchi 6 na ekolaiza kamili ya nobu tatu. Disto yake ni nzuri kuliko ya wenzake wa bei hiyo, nayo pia haina reverb. Kati ya hizo mbili, mpiga sebene achukue Fender, mpenda roki achukue Orange.

Kwa betri, Roland Micro Cube GX ina wati 3 tu lakini spika ya inchi 5, mwigo wa JC, reverb, mwangwi na tyuna ndani yake, na betri 6 za AA huipeleka siku nyingi za mazoezi. Boss Katana Mini, wati 7 na spika ya inchi 4, ina nguvu zaidi na nobu chache, ila hula betri haraka zaidi. Blackstar Fly 3 ya inchi 3 ni ndogo zaidi. Iwe ya safari.

Ukiweza kupanda ngazi moja, Fender Mustang LT25 ya wati 25 na spika ya inchi 8 inakuja na sauti 30 zilizopangwa tayari na USB ya kurekodia kwenye kompyuta. Positive Grid Spark 40 ina spika mbili za inchi 4 na inategemea sana programu ya simu. Boss Katana 50, hata ya mtumba, ndiyo ampu ambayo hutalazimika kuibadilisha ukijiunga na bendi: spika ya inchi 12, na swichi inayoishusha kutoka wati 50 hadi 25 au nusu wati. Ikipatikana kwa bei ya LT25 mpya na kibandiko cha nyuma kiko sawa, usifikirie mara mbili.

Kujaribu kabla ya kulipa

Iwe ni Kariakoo, Luthuli au kwa mtu anayeuza ya kwake, nenda na gitaa lako, waya wako, hedifoni na kibadilishi cha jeki kati ya milimita 3.5 na 6.35. Gitaa zuri la dukani hupamba ampu mbovu. Tenga nusu saa, na muuzaji anayekuharakisha mwache na ampu yake.

1. Soma kibandiko cha volti. Bila hicho usiruhusu ichomekwe.
2. Ikiwa imezimwa, bonyeza karatasi ya spika taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, kama kitambaa cha mbele kinafunguka. Isogee laini. Ikikwaruza, koili yake imeungua au imepinda.
3. Washa bila gitaa, volumu nusu. Mlio mdogo kama wa hewa inayotoka ni kawaida. Mvumo mzito ni kapasita zilizochoka au ethi.
4. Chomeka gitaa, volumu ya gitaa mwisho, GAIN chini, ekolaiza zote nusu, kisha pandisha volumu polepole. Angalia kama sauti inapanda kwa utaratibu au inaruka ghafla kutoka kimya hadi makelele. Inayoruka itakutesa usiku.
5. Zungusha kila nobu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo ni vumbi, na dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti huutoa. Sauti kukatika kabisa ni kitu kingine; omba bei ishuke au uondoke.
6. Tikisa kidogo jeki iliyoko kwenye tundu. Ikikatakata, tundu limeachia lehemu kwenye bodi. Ni kazi ndogo kwa fundi, lakini itumie kwenye mapatano ya bei.
7. Piga uzi mnene ukiwa wazi, kwa nguvu. Sikiliza mtetemo wa bati. Mara nyingine ni skurubu iliyolegea, mara nyingine ni karatasi ya spika iliyochanika.
8. Sasa shusha volumu kabisa, kiwango cha mtu anayeongea, na upige kwa dakika tano. Hivi ndivyo utakavyoitumia kila siku. Ampu nyingi zinazovutia zikiwa juu hufa zikishushwa.
9. Jaribu hedifoni masikio yote mawili.
10. Iache iwake dakika ishirini. Harufu ya kuungua au joto lisiloshikika kwa mkono ni sababu ya kuondoka.

Ya mtumba ikizidi nusu ya bei ya mpya, kwa kawaida haifai, isipokuwa iwe ile ya daraja la juu unayoijua.

Waya, na siku ya kwanza nyumbani

Waya wa mita 3 unatosha chumbani. Uwe wa gitaa, wenye jeki za mono za milimita 6.35 na kinga ya nyaya zilizosukwa kuzunguka waya wa kati. Waya wa spika unafanana kwa nje lakini hauna kinga hiyo, na utaleta mvumo na redio ya jirani. Waya mrefu kupita mita 6 unaanza kula trebo. Wa bei ya chini kabisa hukatikia shingoni mwa jeki, kwa hiyo upitishe kwenye mkanda wa gitaa kabla haujaingia kwenye tundu, ili mtu akiukanyaga usivutike jeki.

Inua ampu kwenye kiti au stuli, spika ielekee kifuani. Ikiwa sakafuni, trebo inakupita miguuni na utaipandisha mno, kisha aliyekaa chini aumie masikio. Usiisukumie kwenye kona, kwa kuwa kona huongeza besi.

Mpangilio wa kuanzia kwa sauti safi ya solo: GAIN robo, besi chini kidogo ya nusu, mid juu kidogo ya nusu, trebo karibu theluthi mbili, reverb robo. Kwa ridhim shusha trebo na uongeze mid kidogo, isigombane na solo. Kisha iache hivyo wiki nzima, na utofautishe sauti kwa mkono wa kucharaza na kwa swichi ya pikapu. Gitaa la besi usilichomeke humu kwa sauti kubwa. Spika ndogo ya gitaa haikuumbwa kwa mwendo huo na itapasuka.

Mvumo ukisikika nyumbani, tafuta chanzo kabla ya kulaumu ampu. Gusa nyuzi: ukipungua, hiyo ni kawaida, hasa kwa gitaa la pikapu za koili moja, na kugeuka upande mwingine wa chumba kunasaidia. Ukiongezeka unapogusa, kuna kasoro ya ethi, ya gitaa au ya nyumba, na fundi aiangalie. Chomoa chaja za simu na taa za LED zilizo kwenye eksitensheni hiyohiyo, moja baada ya nyingine. Chaja za bei rahisi ndizo wakosaji wakubwa.

Sauti ikipotea ghafla, badilisha waya kwanza, halafu betri ya pedali, halafu jaribu hedifoni. Zikilia hedifoni na spika ikabaki kimya, tundu la hedifoni limeshika uchafu na linadhani bado kuna kitu kimechomekwa. Chomeka na kuchomoa jeki mara kadhaa. Ampu ikizima yenyewe baada ya muda na kuwaka ikipoa, isogeze mbali na ukuta, walau kiganja kimoja, na uondoe kitambaa ulichoifunika. Ikiungua fyuzi, weka yenye namba ileile, na kama mbele ya namba kuna herufi T, mpya nayo iwe na T, maana ni ile inayovumilia mruko wa kuwasha. Fyuzi kubwa zaidi, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara iliyoviringishwa kuzunguka ile iliyoungua, huhamishia moto kwenye transfoma. Ikiungua mara ya pili, ipeleke kwa fundi kabla ya kuweka ya tatu.